Coming 2 America: kwa nini ulicheka halafu ukabaki na kinyongo

SWALI

Salaam mhakiki. Nimekua na Coming to America ya 1988. Nyumbani tulikuwa na kanda yake ya VHS, tukaitazama mpaka picha ikaanza kuchirizika. Ya pili niliisubiri kwa hamu. Nilicheka, na wale wazee wa kinyozi walipotokea nilipiga makofi peke yangu sebuleni. Ilipokwisha nikajikuta nimeudhika, na nikiulizwa nimeudhikia nini sina jibu. Mke wangu anasema aliyezeeka ni mimi, filamu haina kosa. Nani mkweli? Na watoto wangu, mkubwa ana miaka 14, niwaonyeshe zote mbili au niishie kwenye ya kwanza?

Msomaji, Tanga

JIBU

Salaam nawe, ndugu. Shemeji ana hoja, ila ndogo. Filamu ya kwanza ilitoka Marekani Juni 1988 na ya pili Machi 2021, karibu miaka 33. Eddie Murphy alikuwa na umri wa miaka 27, akarudi na 59. Na wewe hukubaki vilevile. Lakini umri peke yake haumfanyi mtu acheke katikati ya filamu kisha anune mwishoni. Hilo hutokana na jinsi kisa kilivyosukwa, na kasoro za msuko zinaonekana kwa macho ukijua pa kutazama.

Filamu inayorudi baada ya miongo huwa na kazi mbili kwa wakati mmoja: kuwakutanisha watu tuliowapenda, na kusimulia kisa kipya kinachostahili muda wetu. Coming 2 America inaifanya kazi ya kwanza vizuri sana. Ya pili inaifanya nusunusu. Kicheko chako kilitoka upande mmoja, kinyongo upande mwingine, ndiyo maana huwezi kuvichanganya vikawa jibu moja.

Nianze na upande mzuri, maana wahakiki wengi waliupita mbio. Kurudisha kundi la 1988 si jambo dogo. Murphy ni Akeem, mwana wa mfalme wa Zamunda, nchi ya kubuni ya Afrika, na Arsenio Hall ni Semmi, rafiki na msaidizi wake. Shari Headley amerudi kuwa Lisa mke wa Akeem, John Amos ni Cleo McDowell mwenye mgahawa, Louie Anderson ni Maurice, Paul Bates ni Oha mwimbaji wa kasri, na Vanessa Bell Calloway ni Imani aliyeachwa siku ya arusi. James Earl Jones, yaani Mfalme Jaffe Joffer baba wa Akeem, alikuwa na miaka 90 filamu ilipotoka, na bado sauti yake inajaza ukumbi. Malkia Aoleon hayupo kwa sababu Madge Sinclair alifariki 1995. (Wawili hao ndio waliotoa sauti za Mufasa na Sarabi katika The Lion King ya 1994, kwa hiyo wazazi wa Akeem ni wazazi wa Simba pia.) Baadaye Anderson alifariki Januari 2022, Amos Agosti 2024, na Jones Septemba 2024. Mkutano huo ungecheleweshwa miaka mitatu tu, usingewezekana. Ulipowaona ukapiga makofi, hukudanganywa. Ulikuwa unaagana na watu.

Kazi ya mikono nayo haikushuka. Mwaka 1988 mtaalamu wa vipodozi alikuwa Rick Baker, aliyemgeuza Murphy kuwa Saul, yule mzee wa Kiyahudi wa kwa kinyozi, kiasi kwamba watu wengi walimaliza filamu bila kumjua. Mwaka 2021 kazi hiyo ilishikwa na timu ya Mike Marino. Filamu zote mbili ziliteuliwa kuwania Oscar ya vipodozi. Maleba ya pili yalibuniwa na Ruth E. Carter, yule aliyeshinda Oscar kwa maleba ya Black Panther. Ukirudi kuitazama, simamisha picha penye sherehe za kasri uangalie mavazi ya watu walio nyuma kabisa: hakuna aliyevalishwa ovyo.

Sasa upande wa pili.

Injini ya filamu ya 1988 ni fagio la kupigia deki. Mwana wa mfalme ambaye maua hutupwa chini asikanyage ardhi tupu anaficha utajiri wake, anapanga chumba kibovu Queens, New York, ambacho mpangaji aliyetangulia aliuawa, kisha anaomba kazi ya kudeki sakafu ya McDowell's. Kila kicheko kinatoka hapo. Akeem anafungua dirisha asubuhi kuwaamkia majirani, anatukanwa, naye anarudisha tusi lilelile kwa tabasamu akidhani ndiyo salamu ya mtaa. Jambazi mwenye bunduki, Samuel L. Jackson kabla hajawa nyota, anadhibitiwa kwa mpini wa fagio. Semmi hawezi kuvumilia umaskini, anaweka bafu la kifahari chumbani, na siri inakaribia kufichuka. Kuna mtu mwenye mamlaka aliyeamua kuyaficha ili apendwe bila mamlaka hayo, na anaweza kuumbuka wakati wowote.

Katika filamu ya pili hakuna anayeficha kitu. Akeem anaambiwa ana mtoto wa kiume Queens, Lavelle, na kwa kuwa ana mabinti watatu na sheria ya Zamunda inamtaka mrithi wa kiume, anamfuata. Kijana anapelekwa kasri pamoja na mama yake Mary. Tangu hapo sehemu kubwa ya filamu ni mtu aliyetoka shidani kuingia rahani, na raha haichekeshi kama shida. Akikosea, nani atamdhuru? Anatakiwa kukata ndevu za simba, kujifunza adabu za kifalme, kuzoea kuogeshwa. Vizuizi hivyo viko kama michezo ya sherehe, na unajua tangu mwanzo atavipita.

Kinachouma zaidi ni kwamba injini nzuri ilikuwemo, ikaachwa. Kabla ya kujua baba yake ni nani, Lavelle anakwenda kwenye usaili wa kazi mbele ya kijana wa ukoo tajiri wa Duke, anadharauliwa, na anajibu kwa heshima iliyochanganyika na hasira. Hapo kuna mtu anayepimwa chini ya thamani yake, jambo lilelile lililombeba Akeem 1988. Laiti filamu ingebaki naye Queens, na mfalme mwenye miaka karibu sitini akarudi kushika fagio ili apate kumjua mwanawe, tungekuwa na mazungumzo mengine leo. Ndege ikapaa kwenda Zamunda na usaili ukasahaulika.

Hapo linaingia suala la mahali. Filamu ya kwanza iliitumia Zamunda kidogo: takriban robo ya mwanzo na dakika chache za mwisho. Nchi ya kubuni yenye tembo wakipita kwenye bustani ya kasri inavumilika kwa kipimo hicho, kama hadithi ya paukwa pakawa. Baada ya hapo ulipewa mtaa wa kweli, baridi ya kweli, na mgahawa uliopigwa ndani ya tawi halisi la Wendy's kwenye Queens Boulevard. Filamu ya pili imeifanya Zamunda kuwa makazi ya kisa kizima, na ilipigwa Atlanta, jumba la mwanamuziki Rick Ross likiwa kasri. Ukikaa mahali kwa muda mrefu unaanza kuuliza maswali. Hawa watu wanazungumza lugha gani wakiwa peke yao? Wanalima nini? Wananchi wako wapi? Mtazamaji wa Ohio huenda asiulize. Wa Tanga anauliza, hasa baada ya 2018 alipoiona Wakanda, nchi ya kubuni ya Black Panther, ikijengewa lugha, mitaa na siasa zake. Waandaaji waliliona tatizo hilo: walimleta Nomzamo Mbatha wa Afrika Kusini kuwa Mirembe, Trevor Noah akasoma habari, Davido akaimba. Ni hatua. Lakini wageni watatu hawatoshi kuifanya nchi iwe na watu.

Kasoro inayonisumbua kuliko zote, na nadhani ndiyo iliyokuudhi bila wewe kuitambua, ni ile sheria ya mrithi wa kiume. Kumbuka mwisho wa filamu ya kwanza. Mfalme Jaffe Joffer amekuja Marekani kumchukua mwanawe kwa nguvu, Lisa ameachwa nyuma, na ndani ya gari malkia anamkabili mumewe. Mfalme anajitetea kwamba hiyo ndiyo mila, yeye ni nani hata aibadilishe. Malkia anamjibu kwamba yeye alidhani mumewe ni mfalme. Basi. Jibu hilo moja ndilo lililofungua mlango, na siku ya arusi chini ya shela akawa Lisa. Filamu nzima ilikuwa inaelekea hapo: mila ya Zamunda hubadilishwa na mfalme akitaka.

Filamu ya pili ina dakika 110, na zote zinategemea Akeem awe hajui jambo hilo. Binti yake Meeka ni hodari, amefunzwa, yuko tayari, lakini mikono ya baba imefungwa na sheria. Mwishowe anatangaza kwamba sheria imebadilika, na hakuna anayepinga. Aliyeitazama kanda mpaka ikachirizika analikumbuka jibu la malkia. Waandishi wawili wa filamu ya kwanza, David Sheffield na Barry Blaustein, ndio walioandika na hii, safari hii wakiwa na Kenya Barris, na wanakutaka usahau walichokuandikia wenyewe.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Wazo la kijana aliyeasi mila kisha akazeeka akawa baba yake mtupu ni wazo zuri sana, na ndilo bora kuliko yote yaliyomo humu. Lisa anamwambia mumewe jambo hilo usoni. Kilichokosekana ni sababu inayomshikilia Akeem. Angekuwa anawaogopa wakuu wa kasri, au Jenerali Izzi wa nchi jirani angekuwa tishio la kweli la vita, tungeelewa kwa nini, hata baada ya kuwa mfalme, bado ameshika sheria asiyoipenda. Wesley Snipes anamwigiza Izzi kwa furaha tupu, kila anapoingia akicheza ngoma na askari wake filamu inaamka, lakini humwogopi hata kidogo. Bila hofu, Akeem anaonekana ni mzembe tu. Steringi akiwa mzembe, hata vichekesho vyake vinachacha.

Kuna pia mkono ulioingizwa ndani ya filamu ya zamani. Ili Lavelle apatikane, wametengeneza usiku mpya wa 1988: sura za Murphy na Hall zimerudishwa ujana kwa kompyuta, zikaunganishwa na ile safari ya kutafuta mchumba kwenye kilabu. Tunaambiwa kwamba usiku huo Mary alimvutisha Akeem bangi, akalala naye akiwa hajitambui. Filamu inacheka. Geuza jinsia za wahusika uone kama kuna atakayecheka. Zaidi ya hapo, Akeem uliyemjua alikuwa anamtafuta mwanamke wa kumheshimu, na sasa, ukiitazama tena ya kwanza, kilabu kile kina siri ambayo haikuwemo. Mwendelezo mbaya wa kawaida unaweza kuuacha kabatini. Unaorudi nyuma na kuhariri kumbukumbu unaudhi kwa namna ya pekee, na hapo una haki yako yote.

Mizaha iliyorudishwa nayo haikufanyiwa kazi sawa. Wazee wa kinyozi wanafaa kwa sababu wanaendelea kubishana kuhusu mambo mapya. McDowell's kufungua tawi Zamunda ni mzaha uliokua. Lakini Imani, ambaye 1988 aliamriwa aruke kwa mguu mmoja na kubweka, miaka thelathini baadaye bado anaruka na kubweka. Mara ya kwanza mzaha ule ulikuwa na maana: ulionyesha kwa nini Akeem asingeweza kuoa mwanamke aliyelelewa kutii tu. Mara ya pili tunamwona binadamu aliyeharibiwa maisha, na kamera inapita ikicheka. Filamu yenyewe inajua inachokifanya, maana Lavelle na Mirembe wanakaa wakizungumza kuhusu sinema za Marekani na kulalamikia miendelezo ambayo hakuna aliyeiomba. Kujikosoa kwa mzaha ni jambo zuri kukifuatwa na marekebisho.

Ukitaka kuhakikisha haya mwenyewe, fanya hivi. Chukua karatasi, ichore safu tatu. Ya kwanza tia alama kila unapokumbushwa kitu cha 1988: sura, wimbo, vazi, kipande cha filamu ya zamani. Ya pili, kila mzaha ambao mtu asiyeijua ya kwanza angeucheka. Ya tatu, kila uamuzi wa mhusika mkuu unaomgharimu kitu. Kwa filamu ya 1988 safu ya tatu inajaa mapema: anamkataa Imani, anaficha ufalme wake, anakubali kudeki, na kwenye treni yuko tayari kuacha kiti cha ufalme. Kwa ya 2021 utahangaika kuijaza, ilhali safu ya kwanza itakushinda nafasi. Alama zikilala hivyo kwa filamu yoyote iliyochelewa, ujue imekuja kukutanisha watu na kisa ni kisingizio.

Jaribio la pili ni kuzima sauti kwa dakika kumi. Kwenye vibanda vya video vyetu, ambako msimuliaji huwatafsiria watu, filamu za vichekesho zilizodumu ni zile ambazo mwili wa mchezaji unasema kabla ya mdomo. Coming to America bila sauti bado inaeleweka: maua, fagio, koti la timu ya besiboli ya Mets, jambazi. Ya pili bila sauti ni sherehe nzuri ya mavazi. Vichekesho vyake vingi vinaishi mdomoni na kwenye kumbukumbu.

Tena ukumbuke ya kwanza ilipewa daraja la R, ambalo Marekani aliye chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima, na ya pili ni PG-13, daraja jepesi zaidi linalowaonya tu wazazi wenye watoto chini ya miaka 13. Ilitengenezwa na Paramount kwa ajili ya majumba ya sinema, korona ikaingia, ikauzwa kwa Amazon na kuonyeshwa nyumbani. Kwa daraja hilo wazee wa kinyozi walilazimika kuchunga ndimi zao. Ukihisi wamepoa, si kwamba wewe umekuwa mgumu wa kucheka.

Kulinganisha kidogo, ili usidhani kuchelewa ndiko kosa. Murphy huyohuyo alirudi 2024 na Beverly Hills Cop: Axel F, miaka 30 baada ya ile ya tatu. Si filamu kubwa, lakini imesimama vizuri zaidi, kwa sababu Axel bado ni askari yuleyule anayepenya milango kwa maneno, na ana binti asiyetaka kuonana naye. Anataka kitu ambacho hawezi kukipata kwa cheo. Top Gun: Maverick ya 2022 ilikuja baada ya miaka 36. Pamoja na mengine, ilimtumia Val Kilmer wa filamu ya kwanza kwa onyesho moja tu, na onyesho hilo linasukuma kisa mbele. Angalia kiasi: onyesho moja lenye kazi limefanya zaidi ya sura kumi zilizoletwa kupigiwa makofi.

Kuhusu watoto. Wa miaka 14 aione ya kwanza, ukiwa naye. Uwe na rimoti mkononi mwanzoni kabisa: baada ya Akeem kuamshwa na wapiga vinanda, linafuata onyesho la bafu lenye wanawake walio uchi kifua. Liruke, hakuna kinachopotea kwenye kisa. Matusi yamo kwa kinyozi na kwenye mazungumzo ya Semmi, na kwenye msururu wa wanawake kilabuni kuna maneno machafu. Wadogo chini ya miaka 12 wasubiri.

Ya pili usiiweke usiku huohuo wala wiki hiyohiyo. Ina vipande vya filamu ya zamani ndani yake, na mizaha iliyorudiwa inamfikia mtazamaji ikiwa imechoka. Acha hata mwezi upite. Kisha mwonyeshe, ila usimwambie mapema kwamba ni mbaya. Mwache acheke na Snipes na Leslie Jones anayemwigiza Mary, wanastahili. Mkifika penye usiku wa kilabu na Mary, simamisha, mwulize alichokiona. Kijana wa miaka 14 anaweza kulijibu hilo vizuri kuliko walioliandika. Na mwishoni, Akeem atakapotangaza sheria mpya, mwulize tu kwa nini hakuitangaza siku ileile alipokuwa mfalme. Kama atalitaja lile jibu la malkia ndani ya gari, basi aliitazama ya kwanza sawasawa, nawe utakuwa na mtu wa kununa naye.